Alois Alzheimer: munganga aliyeuliza kabla ya kuhukumu

Katika mji wa Bukavu, kuanzia Kadutu mpaka Panzi, kuna nyumba ambamo mama mzee anaamka saa nane ya usiku, anafunga kitambaa kichwani na kutaka kwenda shamba lililouzwa miaka mingi iliyopita. Anauliza mara tano kama amekula. Anamwita mjukuu kwa jina la ndugu yake aliyekufa zamani. Mwanzoni watu wanacheka. Kisha wanachoka. Na siku moja jirani anatamka lile neno zito: mulozi.

Neno hilo linaua. Mwaka wa 2021, wamama kadhaa waliuawa katika vijiji vya Kivu ya Kusini juu ya kushutumiwa ulozi. Mashtaka ya namna hiyo yana vyanzo vingi: wivu, shamba, kifo cha mtoto, maneno ya wanaojiita waonaji. Lakini mzee anayesahau, anayeongea peke yake na kutembea usiku, njo wa kwanza kunyooshewa kidole.

Zaidi ya miaka mia moja iliyopita, ku Ujerumani, mama mmoja alikuwa na alama hizo hizo. Munganga aliyempokea alivuta kiti, akakaa, akaanza kumuuliza maswali na kuandika majibu. Jina la munganga huyo sasa linatajwa dunia nzima, hata na watu wasiojua kama lilikuwa jina la mtu: Alois Alzheimer.

Mtoto wa notere

Alois Alzheimer alizaliwa tarehe 14 mwezi wa sita 1864 ku Marktbreit, mji mdogo kando ya mto Main, katika jimbo la Bavaria. Baba yake, Eduard, alikuwa notere, mtu wa kuandika hati na mikataba. Familia ilikuwa ya Wakatoliki, ya watu waliosoma. Ili watoto wapate shule nzuri, ilihamia mji wa Aschaffenburg.

Alois alipenda sayansi ya viumbe. Alisoma uganga ku Berlin, ku Tübingen na ku Würzburg. Alikuwa kijana mkubwa wa mwili, mwenye kicheko, na kwenye shavu alibeba kovu la upanga, vile wanafunzi wa Ujerumani wa wakati ule walipenda mchezo wa kupigana kwa panga. Kazi yake ya udaktari ya mwaka wa 1887 haikuhusu ubongo hata kidogo. Ilihusu tezi ndogo za sikio, zile zinazotoa nta. Lakini kwa kazi hiyo alijifunza kitu ambacho hakukiacha mpaka kufa: kukaa saa nyingi mbele ya mikroskopi na kuangalia vitu vidogo bila haraka.

Mwisho wa mwaka wa 1888 alipata kazi katika hospitali ya wagonjwa wa akili na wa kifafa ku Frankfurt. Wenyeji wa mji waliiita ngome ya wazimu. Ulaya ya wakati ule haikuwa na huruma nyingi kwa watu wa namna hiyo. Katika nyumba nyingi walifungwa kwa kamba, walivalishwa nguo za kuwabana mikono, ao waliachwa nyuma ya mlango wa chuma. Mkurugenzi wa Frankfurt, Emil Sioli, alitaka njia ingine, na Alzheimer akamuunga mkono. Kamba zilipunguzwa. Mgonjwa aliyepandwa na hasira aliwekwa katika maji ya uvuguvugu mpaka atulie. Waganga walipita kwenye vitanda na kuongea na wagonjwa.

Mwaka wa 1889 alifika munganga kijana mwingine, Franz Nissl, aliyekuwa amegundua namna ya kutia rangi chembe za ubongo ili zionekane vizuri. Hao wawili wakawa marafiki wa kufa na kuzikana. Mchana walikuwa na wagonjwa, usiku walikuwa na mikroskopi. Mgonjwa akifa, waliangalia ubongo wake na kuulinganisha na yale waliyokuwa wameandika akiwa mzima.

Kwa njia hiyo Alzheimer alielewa mapema kwamba kupoteza akili si kitu kimoja. Wagonjwa wengi waliojaza hospitali za Ulaya walikuwa na kaswende ya miaka mingi iliyopanda mpaka kwenye ubongo. Wengine, mishipa yao ya damu ilikuwa imekauka na kuziba, na sehemu za ubongo zimekufa kwa kukosa damu. Wengine walikuwa wameharibiwa na pombe. Kwa nje wote walionekana sawa: wanasahau, wanapotea, wanaongea ovyo. Ndani, kila mmoja alikuwa na ugonjwa wake. Juu ya mambo hayo aliandika kazi nyingi, kabla hata jina lake halijajulikana.

Mwaka wa huzuni

Mwaka wa 1894 Alzheimer alimuoa Cecilie Geisenheimer, mjane aliyekuwa na mali. Walipata watoto watatu: Gertrud, Hans na Maria. Nyumba ilikuwa na furaha, na kwa mali ya bibi yake, munganga aliweza kufanya utafiti bila kuhangaikia mshahara.

Furaha hiyo haikudumu. Mwezi wa pili 1901 Cecilie alikufa. Mtoto wa mwisho alikuwa bado mdogo sana. Dada yake Alois, Elisabeth, alikuja kulea watoto. Yeye mwenyewe alijitupa katika kazi, akipita kwenye vitanda vya wagonjwa mchana mzima na kubaki na mikroskopi mpaka usiku.

Miezi tisa baadaye, tarehe 25 mwezi wa kumi na moja 1901, mfanyakazi mmoja wa reli alimleta bibi yake hospitalini. Mama huyo aliitwa Auguste Deter. Alikuwa na miaka 51.

Mama aliyejipoteza

Bwana yake alieleza kwamba maisha yao yalikuwa mazuri mpaka miezi ya karibuni. Kisha mama akaanza wivu bila sababu. Akaanza kukosea kupika. Akaficha vitu na kutojua alivificha wapi. Alizunguka ndani ya nyumba bila kutulia, akaburuta mashuka huku na huku, na usiku alipiga kelele kwa muda mrefu. Bwana hakuweza tena kufanya kazi yake na kumlinda kwa wakati mmoja.

Kesho yake Alzheimer alikwenda kukaa naye. Alimuuliza jina. Mama alijibu Auguste. Alimuuliza jina la familia. Auguste. Alimuuliza jina la bwana yake. Akasita, kisha akajibu tena Auguste. Saa ya chakula alikuwa anakula nyama ya nguruwe na koliflawa. Alipoulizwa anakula nini, alisema spinachi. Munganga alimwonyesha kalamu, ufunguo na sigara, naye akavitaja vizuri. Dakika chache baadaye hakukumbuka kama alionyeshwa kitu. Alipoombwa aandike jina lake, alianza, kisha akasimama, vile alikuwa amesahau alichokuwa anaandika. Na katikati ya mambo hayo mama mwenyewe alijua kwamba kuna kitu kimevunjika. Alimwambia munganga kwamba amejipoteza.

Alzheimer aliandika yote. Siku iliyofuata alirudi na maswali mengine, na siku zilizofuata tena. Kilichomshangaza ni umri. Kwamba mzee wa miaka 80 anasahau, watu waliona ni mambo ya uzee tu. Lakini mama wa miaka 51? Hakuwa mlevi. Kuzeeka peke yake hakukutosha kueleza jambo hilo.

Mwaka wa 1903 Alzheimer aliondoka Frankfurt, akapita Heidelberg, kisha akaenda Munich kufanya kazi na profesa Emil Kraepelin, aliyekuwa mkubwa wa waganga wa akili Ujerumani. Mwanzoni alifanya kazi bila mshahara. Lakini hakumsahau mama Auguste. Alikuwa anauliza habari zake Frankfurt. Hali ilizidi kuwa mbaya: mwishoni mama alilala amejikunja, bila kuongea maneno ya kueleweka. Alikufa tarehe 8 mwezi wa nne 1906, na vidonda vya kulala kitandani vilichangia kifo hicho. Faili yake na ubongo wake vilitumwa Munich.

Kilichoonekana chini ya kioo

Ubongo wa mama Auguste ulikuwa umenyauka. Alzheimer aliukata vipande vyembamba sana, akavitia rangi iliyotengenezwa kwa madini ya fedha, akaviweka chini ya mikroskopi. Aliona vitu viwili. Kati ya chembe za ubongo kulikuwa na madoadoa magumu, sawa vile uchafu ulioganda. Ndani ya chembe zenyewe kulikuwa na nyuzi zilizosokotana na kufungana, na chembe nyingi zilikuwa zimekufa, zikabaki nyuzi hizo tu.

Kumbe wivu, kelele za usiku na kuzunguka-zunguka vilikuwa na makao. Makao yenyewe yalikuwa ndani ya ubongo, na jicho la mtu liliweza kuyaona.

Tarehe 3 mwezi wa kumi na moja 1906, Alzheimer alieleza jambo hilo mbele ya waganga wenzake waliokutana ku Tübingen. Alipomaliza, hakuna aliyeuliza swali hata moja. Mkutano ukapita kwenye mada ingine. Mwaka uliofuata aliandika kurasa chache tu juu ya ugonjwa huo. Ni Kraepelin, mwaka wa 1910, aliyeuingiza katika kitabu chake kikubwa cha magonjwa ya akili na kuupa jina la rafiki yake.

Katika maabara ya Munich, Alzheimer alipokea wanafunzi kutoka inchi nyingi. Alizunguka kutoka mikroskopi moja mpaka ingine, akieleza polepole. Husimuliwa kwamba kila alipokaa aliweka sigara yake pembeni na kuisahau, na jioni kulikuwa na kipande cha sigara kwenye kila meza. Mmoja kati ya wanafunzi hao alikuwa mwana wa Afrika: Solomon Carter Fuller, aliyezaliwa Monrovia, Liberia, mwaka wa 1872, mjukuu wa mtu aliyekuwa mtumwa Marekani, akajikomboa na kuhamia Afrika. Fuller alisomea uganga Marekani, akafika Munich mwaka wa 1904, kisha akarudi Marekani kuendelea na utafiti. Mwaka wa 1912 alichapisha kwa Kiingereza maelezo marefu juu ya ugonjwa huu, yaliyokusanya wagonjwa wote waliojulikana mpaka wakati huo. Basi Afrika ilikuwa ndani ya habari hii tangu mwanzo.

Mwaka huo huo wa 1912 Alzheimer aliteuliwa kuwa profesa ku Breslau, mji ambao leo unaitwa Wrocław na uko Polandi. Akiwa njiani ndani ya treni alishikwa na ugonjwa, na tangu hapo moyo wake haukupona kabisa. Vita vya 1914 vilipoanza, kazi iliongezeka na nguvu zilipungua. Moyo na mafigo vilimshinda. Alikufa tarehe 19 mwezi wa kumi na mbili 1915, akiwa na miaka 51, umri ule ule wa mama Auguste siku alipoingia hospitalini. Alizikwa Frankfurt, kando ya Cecilie.

Faili ya mama Auguste ilipotea kwa miaka mingi. Mwaka wa 1995 waganga wa Frankfurt waliikuta katika stoo ya hospitali yao. Ndani mlikuwa na maswali na majibu yote, kwa mwandiko wa Alzheimer, na karatasi ambazo mama alijaribu kuandikia jina lake.

Kusahau si ugonjwa mmoja

Kwa muda mrefu ugonjwa wa Alzheimer ulihesabiwa kuwa wa watu wachache, wale wanaoshikwa kabla ya uzee. Ni katika miaka ya 1970 wanasayansi walipokubali kwamba wazee wengi waliosemekana wameishiwa na akili juu ya umri walikuwa na ugonjwa ule ule. Leo Shirika la Afya Duniani linahesabu zaidi ya watu milioni 55 wenye magonjwa ya kupoteza kumbukumbu na akili, na zaidi ya nusu wanaishi katika inchi za kipato kidogo na cha kati. Alzheimer njo chanzo cha kwanza. Dawa ya kuuponyesha haijapatikana.

Lakini somo alilolipata Frankfurt lingali na faida kubwa kwa familia za Kivu: kila anayesahau hana ugonjwa ule ule, na baadhi ya vyanzo vinatibika.

Chanzo kimoja ni tansio. Damu ikisukuma kwa nguvu miaka mingi, mishipa midogo ya ubongo inaziba ao kupasuka, na kumbukumbu inapungua ngazi kwa ngazi. Kupima tansio na kunywa dawa kila siku kunalinda akili. Sukari nayo inaharibu mishipa hiyo.

Kingine ni pombe. Anayekunywa kanyanga kila siku na kula kidogo anakosa vitamini B1, na ubongo unashindwa kushika mambo mapya. Akipata vitamini hiyo mapema, anaweza kusaidika.

Kuna tezi ya shingo. Kisiwa cha Idjwi kilijulikana kwa watafiti wa Lwiro juu ya goita, kwa sababu ya kukosa iodini. Tezi hiyo ikifanya kazi kidogo sana, mtu anakuwa mzito wa mawazo na msahaulifu, na kuna vidonge vya kumsaidia. Kuna kaswende, ambayo leo inatibiwa kwa penisilini. Kuna virusi vya ukimwi visivyotibiwa, malaria iliyopanda kichwani, na kichwa kilichopigwa katika ajali ya moto.

Tena kuna huzuni. Katika jimbo lililopita vita kwa miaka mingi, mtu aliyepoteza watoto ao aliyekimbia kijiji anaweza kukosa usingizi, kukosa hamu, na kusahau hata alichotumwa sokoni. Kumbukumbu yake haijafa. Imefunikwa na maumivu. Akisikilizwa na kutunzwa, inaweza kurudi.

Na mzee aliyekuwa mzima jana, leo akaanza kuchanganyikiwa, huyo asingoje kesho. Kuchanganyikiwa kwa ghafla mara nyingi ni homa, maambukizo, upungufu wa maji, dawa isiyomfaa, ao mshipa wa ubongo. Apelekwe kituo cha afya siku ile ile.

Nyumbani, kabla ya kushtaki

Bukavu ina mahali pa kuuliza. Kituo cha Sosame, cha mafrere wa Charité, kimekuwa kikipokea wagonjwa wa akili tangu miaka ya 1990, na hospitali kubwa za mji zinapima tansio, sukari na damu. Munganga atataka kujua kusahau kulianza lini, kama kulikuja polepole ao kwa ghafla, dawa gani mzee anakunywa, kama analala, kama anaanguka. Mtu wa nyumbani aliyeandika mambo hayo kwenye daftari amefanya nusu ya kazi.

Kama ugonjwa ni ule usioponyeka, bado kuna la kufanya. Mzee asaidike kulala na kula saa zile zile. Vitu vyake visihamishwe-hamishwe. Mlango ufungwe usiku, na taa ndogo ibaki inawaka. Akidai mama yake aliyekufa zamani, ugomvi haumsaidii. Bora kumuuliza mama huyo alikuwa mtu wa namna gani. Na kazi ya kumlinda isiachwe kwa binti mmoja peke yake, kwani anayelinda pia anaugua.

Kumfunga kamba, kumnyima chakula ili roho mbaya itoke, ao kumpeleka kwa mtu wa kumtaja kuwa mulozi, hayo yote hayarudishi hata jina moja lililosahaulika. Yanaongeza vidonda, na mara ingine yanaleta kifo.

Mama Auguste alipiga kelele usiku, alificha vitu, alimshuku bwana yake na hakujua tena jina lake. Katika faili iliyokutwa Frankfurt, hakuna mahali aliposhtakiwa kwa lolote kati ya hayo. Mna tarehe, umri wake, jina la bwana yake, chakula alichokula siku ile, na maswali ya munganga aliyekuwa amekaa kando yake.